UZI: Utafiti wa mifugo na mimea ukigeuzwa biashara, nani anafaidi na nani analipa?

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, sentensi hii lazima isikike mikutanoni na kwenye midahalo ya runinga: "Utafiti wetu umelala kwenye makabati. Tuugeuze biashara!" Watu wanapiga makofi. Upande wa pili unajibu: "Mnataka kuwauzia mabwenyenye mali ya umma!" Watu wanapiga makofi tena.

2/ Hao wote wawili wanaweza kuwa sawa, na wote wawili wanaweza kuwa wanakudanganya. Inategemea wanaongea kuhusu chanjo gani, mbegu gani, na bili inaenda kwa nani. Hebu tuchambue polepole. Hatutaji mwanasiasa wala chama hapa. Ukija kutafuta jina la mtu wako, utatoka mikono mitupu.

3/ Kwanza tuelewane maneno. Kugeuza utafiti kuwa biashara ni ile safari kutoka maabara hadi agroveti ya mtaani kwenu. Mtafiti amepata kitu. Kijaribiwe shambani, kisajiliwe, kitengenezwe kwa wingi, kisafirishwe bila kuharibika, halafu mtu atoe pesa mfukoni akinunue. Hatua ya kwanza ndiyo hupigwa picha. Hizo zingine ndizo hula pesa.

4/ Wahusika wakuu ni wachache. KALRO ni shirika la utafiti la serikali, lililoundwa kwa sheria ya 2013 kwa kuunganisha ile KARI ya zamani na vituo vya utafiti wa kahawa, chai na sukari. KEVEVAPI, ya tangu 1990, hutengeneza chanjo za mifugo. KEPHIS hukagua mbegu. Halafu kuna vyuo vikuu, pamoja na ILRI na icipe, mashirika ya kimataifa yenye makao yao Nairobi.

5/ Pesa je? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Hatujawahi kuikaribia; tumekuwa chini ya asilimia 1. Kwa hivyo sehemu kubwa ya utafiti hulipiwa na wafadhili wa nje. Hii kumbuka, maana anayelipa mpiga zumari ndiye huchagua wimbo.

6/ Sasa tuangalie visa vyenyewe. Cha kwanza ni kile ambacho kila anayesifu biashara ya utafiti angepaswa kukijua: mahindi ya Kitale.

7/ Kenya Seed Company ilianza 1956 huko Kitale, mwanzoni ikiuza mbegu za nyasi za malisho. Karibu hapo, kwenye kituo cha utafiti cha serikali, watafiti walikuwa wakizalisha mahindi chotara. Walichukua mahindi yaliyokuwa yamezoea nyanda zetu za juu, wakayachanganya na mahindi kutoka Ecuador. Mwaka 1964 ikatoka Hybrid 611.

8/ Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Serikali ilizalisha aina ya mbegu. Kampuni ikaizidisha kwa wakulima wa mkataba, ikaipakia na kuifikisha hadi kwa maduka madogo ya vijijini. Mkulima akaona tofauti shambani msimu uleule. Mbegu ikaenea upesi, na si kwa mashamba makubwa peke yake. Wenye ekari moja na mbili pia waliinunua.

9/ Mbona ilifaulu? Sababu moja kubwa hutaisikia jukwaani. Mbegu chotara ukivuna ukaipanda tena, mazao yanashuka. Kwa hivyo mkulima hurudi dukani kila msimu. Biashara iko ndani ya mbegu yenyewe. Kampuni haihitaji polisi wala mahakama kulinda soko lake, maumbile yanailinda.

10/ Sasa chukua maharagwe. Ukipanda ukavuna, unaweka gorogoro mbili kando, unapanda tena, na jirani anakuja kuomba kidogo. Aina ni ileile. KALRO imetoa maharagwe mazuri kama Nyota, yenye madini ya chuma na zinki kwa wingi na yanayoiva haraka jikoni. Lakini kampuni itakuuzia mara moja, halafu isikuone tena kwa miaka. Kwa hivyo haina haraka na wewe.

11/ Muhogo na viazi vitamu ni vilevile, mbegu yake ni kipande cha shina. Ndiyo maana mtu akisema "sekta binafsi itafikisha utafiti kwa mkulima," muulize utafiti upi. Wa mahindi chotara, sawa. Wa maharagwe ya mama wa Kakamega, kuna hatari abaki anangoja.

12/ Kuna utafiti mwingine ambao hata hauna cha kuweka kwenye pakiti. Watafiti wa icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, waligundua njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya mabingobingo pembeni. Njia hiyo inaitwa sukuma-vuta.

13/ Desmodiamu hufukuza nondo wa kitobozi na kulizima gugu la kiduha. Nyasi za pembeni huwavuta nondo hao watage huko. Juu ya hayo, ng'ombe anapata chakula. Ni ugunduzi mkubwa, na umesaidia wakulima wengi. Lakini utauza nini? Maarifa! Jirani akichungulia juu ya ua, ameshayapata bure. Kitu pekee cha kuuza hapo ni mbegu ya desmodiamu, na mara nyingi imekuwa shida kupatikana.

14/ Kazi kama hiyo hufikishwa na maafisa wa kilimo wa mashinani. Tangu ugatuzi, hao wako chini ya kaunti. Kaunti isipowaajiri, utafiti unakufa na hakuna kampuni itakayoufufua. Ukiona mheshimiwa anasifu ubunifu huku wadi yake haina hata afisa mmoja wa kilimo, hapo unajua ni maneno tu.

15/ Kisa cha pili, ng'ombe. Ndigana kali, ile Wamaasai huiita oltikana. Huletwa na kimelea kinachobebwa na kupe kahawia wa masikio. Inakadiriwa kuua zaidi ya ng'ombe milioni 1 kwa mwaka katika mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Ng'ombe wa gredi wa mtu wa Nandi au Nyandarua akiupata asitibiwe mapema, kwa kawaida hapo umempoteza. Na huyo ng'ombe ndiye karo ya watoto.

16/ Chanjo yake ipo, na ilibuniwa hapa hapa Muguga, Kaunti ya Kiambu. Ni miaka ya 70, wakati kituo kilikuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Njia yenyewe inashangaza: ng'ombe anadungwa vimelea hai vya ugonjwa, na siku hiyohiyo anadungwa dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa muda. Anaugua kidogo, anapona, anabaki na kinga ya muda mrefu sana, mara nyingi maisha yake yote.

17/ Mchanganyiko wa aina tatu za vimelea, unaojulikana duniani kwa jina la Muguga, ulielezwa na watafiti 1975. Sasa piga hesabu. Lakini nchini Kenya haukusajiliwa uuzwe hadi miaka ya 2010. Ile miaka zaidi ya 30 katikati ndiyo watu huita "kulala kabatini". Je, ililala kwa uvivu tu?

18/ Hapana. Sababu ya kwanza ni siasa: Jumuiya ilivunjika 1977, na kituo kikabaki bila mwenyewe wa kikanda. Sababu ya pili ni hofu ya kisayansi. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea mwilini, na wataalamu wetu walihofia kuingiza aina za nje ambazo zingeenea. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji walikuwa tayari wanachanja tangu mwishoni mwa miaka ya 90.

19/ Sababu ya tatu ni kwamba chanjo hii ni kazi ngumu kuitengeneza. Haipikwi kwa mtungi wa kiwandani. Unahitaji ng'ombe wa kuambukizwa, kupe kwa mamia ya maelfu wanaonyonya damu hiyo, sungura kwa mamia wa kulishia kupe, halafu kupe wanasagwa na vimelea vinatolewa. ILRI ilitengeneza takriban dozi milioni 1 karibu na 2008. Baadaye uzalishaji ukahamishiwa kituo cha kikanda kule Lilongwe, Malawi.

20/ Hapa ndipo utasikia "tumeibiwa! Ilibuniwa Kiambu, inatengenezwa Malawi!" Pole pole. Iligunduliwa na shirika la Jumuiya, kwa pesa za nchi kadhaa na wafadhili. Haikuwa ya Kenya peke yake. Swali lenye maana ni lingine: mbona sisi hatukuweka pesa za kuitengeneza, na nani alikuwa na jukumu hilo? Hilo jibu lake liko kwenye bajeti zetu wenyewe.

21/ Usambazaji nao ukakabidhiwa kampuni binafsi, kwa msaada wa GALVmed, shirika lisilo la faida lenye makao Scotland. Na kuna jambo la kujifunza kutoka kwa Wamaasai wa Tanzania. Walikubali kulipa wenyewe, pesa si kidogo, dola kadhaa kwa kila ndama. Kwa nini? Ndama waliokuwa wakifa sasa wanaishi, na ndama mwenye hereni ya chanjo sikioni anauzwa bei nzuri zaidi sokoni.

22/ Kwa hivyo hoja ya "mfugaji maskini hawezi kulipia" si kweli kila mahali. Mfugaji hulipa akiona faida kwa macho yake. Lakini ngoja, kuna upande wa pili.

23/ Chanjo hii hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, kama ule wa yule anayekuja kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mrija mmoja wa chanjo umekuwa na dozi za ng'ombe 30 hadi 40 hivi. Ukishayeyushwa, lazima zitumike ndani ya saa chache, zilizobaki ni za kumwaga.

24/ Mwenye ng'ombe 100 pale Kajiado, hilo si tatizo. Anaita daktari, asubuhi moja kazi imeisha. Mama mwenye ng'ombe wawili Kisii afanye nini? Lazima atafute majirani 15 au 20, wote wawe na pesa siku moja, na daktari akubali kuja. Bidhaa ni ileile na bei ni ileile, lakini mmoja amefikiwa na mwingine hajafikiwa.

25/ Hilo ndilo hupotea kwenye midahalo. Tunabishana serikali au sekta binafsi, na kumbe swali la mama wa Kisii ni: mrija una dozi ngapi, na nani anawakusanya majirani? Chama cha ushirika cha maziwa kinaweza kufanya kazi hiyo. Kaunti pia inaweza. Lakini lazima mtu apewe hiyo kazi na alipwe.

26/ Sasa tofautisha ndigana na ugonjwa wa miguu na midomo. Ukimchanja ng'ombe wako ndigana, faida karibu yote ni yako. Jirani asipochanja, hasara ni yake. Kwa hivyo ni haki ulipe mwenyewe, labda usaidiwe kidogo.

27/ Miguu na midomo hauko hivyo. Unasambaa kwa mguso, kwa magari, kwa soko la mifugo, hata kwa upepo wakati mwingine. Ukichanja wako na mtaa mzima usichanje, virusi vinaendelea kuzunguka. Kinga yake ni ya takriban miezi 6, lazima urudie. Na kuna aina kadhaa za virusi, kwa hivyo chanjo isiyolingana na aina iliyo mtaani kwenu haikufai.

28/ Ugonjwa wa namna hiyo ukiachiwa soko peke yake, kila mtu anangoja jirani achanje kwanza. Mwishowe hakuna anayechanja. Ndiyo maana nchi nyingi hufanya kampeni za umma. Mfano mkubwa ni sotoka ya ng'ombe.

29/ Chanjo ya sotoka iliyotumika sana duniani ilitengenezwa hapo hapo Muguga na Walter Plowright na wenzake, karibu na 1960. Serikali zilichanja kwa kampeni baada ya kampeni, mpaka mipakani kusikofika magari. Mara ya mwisho virusi kuonekana ni 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ilitangaza sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui.

30/ Hakuna kampuni ambayo ingefanya hiyo kazi kwa faida. Fikiria: ukifaulu kabisa, soko lako linakufa! Kwa hivyo mtu akikwambia kila utafiti ujilipie wenyewe, mkumbushe sotoka.

31/ Hapo ndipo ule mjadala wa chanjo ya kitaifa ulipoanzia. Mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza lengo la kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi. Mitandao ikawaka. Ati chanjo ni ya kupunguza gesi ya ng'ombe, ati kuna tajiri wa ng'ambo nyuma yake.

32/ Tutenganishe mambo. Chanjo hizo mbili ni za zamani, zimetumika Kenya miaka mingi, na KEVEVAPI huzitengeneza hapa nchini. Chanjo ya kupunguza gesi bado iko kwenye utafiti katika nchi nyingine, haijafika kwa agroveti yoyote. Hiyo sehemu ilikuwa uvumi.

33/ Lakini mfugaji aliyeuliza maswali hakuwa mjinga. Kuuliza nani amelipia, nani anatengeneza, na ng'ombe wangu akifa baada ya sindano nani ananilipa, hayo ni maswali halali. Serikali inayotangaza kwanza na kueleza baadaye hujiletea uvumi. Anayeogopa chanjo hatashawishiwa kwa kuitwa mshamba.

34/ Kuna pia hali ya tatu, mbaya zaidi kwa biashara: homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko huja mvua zikizidi, halafu unapotea kwa miaka. Tuliuona 1997-98, ukarudi 2006-07, ukaja tena 2018. Unaua ndama, mbuzi na kondoo, na unaua watu pia.

35/ Katika miaka ya kiangazi nani atanunua chanjo yake? Hakuna. Kiwanda kikitengeneza nyingi, zinapitwa na wakati ghalani. Kisipotengeneza, mvua ikija hazitoshi, na kila mtu anaitaka wiki hiyohiyo. Ukiiambia KEVEVAPI "jiendeshe kwa faida kama kampuni," hii ndiyo chanjo ya kwanza itaacha kuitengeneza. Kwa hivyo lazima serikali ilipie akiba, kama vile inavyolipia jeshi hata kusipokuwa na vita.

36/ Turudi shambani. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na maeneo jirani walikula mahindi yenye sumukuvu. Waliougua na kurekodiwa ni 317, na 125 kati yao walikufa. Hayo ni mahindi ya nyumbani kwao wenyewe.

37/ Utafiti ukaleta dawa. Kuna kuvu ya jamii ileile ambayo haitoi sumu. Ukiieneza shambani, inachukua nafasi ya ile yenye sumu. Bidhaa hiyo, Aflasafe KE01, ni punje za mtama zilizopakwa kuvu hiyo nzuri. Unamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kiwanda kikajengwa KALRO Katumani, Machakos.

38/ Kila kitu kipo: sayansi, usajili, kiwanda. Mbona haiko kwa kila shamba la Ukambani? Kwa sababu sumukuvu haionekani. Mahindi yenye sumu na yasiyo na sumu yanafanana machoni, na dalali wa gari la mizigo hulipa bei ileile kwa gunia. Mkulima atatoa pesa zake kununua dawa ambayo soko halimlipi?

39/ Msagishaji mkubwa hupima, maana kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni na akizidisha unga unaondolewa madukani. Lakini mahindi ya kuuzwa kwa gorogoro kando ya barabara hayapimwi na mtu. Kwa hivyo kama unataka bidhaa hii iuzike, hatua ya kwanza si tangazo la redio. Ni mahindi safi kulipwa bei ya juu, au serikali kukubali kwamba hili ni suala la afya na kulilipia.

40/ Sasa umiliki, ambapo moto huwa mkali. Mtafiti wa umma akitoa aina mpya ya mbegu, shirika lake linaweza kusajili haki ya mzalishaji wa mbegu kupitia KEPHIS. Kampuni inapewa leseni, inauza, na shirika linapata mrabaha. Hilo si wizi. Mrabaha unaweza kulipia utafiti unaofuata.

41/ Shida iko kwenye maandishi madogo. Je, leseni imepewa kampuni moja peke yake, au kampuni kadhaa zishindane? Kampuni ikikalia mbegu bila kuiuza kwa miaka 3, inanyang'anywa? Mrabaha ni kiasi gani, na unarudi maabara au unaingia Hazina na kupotelea huko? Ukiweza kuuliza hayo matatu tu, tayari unawapita wanajopo wengi.

42/ Upande wa pili wa umiliki ni mkulima mwenyewe. Sheria yetu ya mbegu ilifikia mahali ambapo kuuza au kubadilishana mbegu ambayo haijathibitishwa ilikuwa kosa, na adhabu kufikia faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miaka 2. Mwaka 2022 wakulima 15 walienda kortini. Mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya aina hiyo vinakiuka Katiba.

43/ Watetezi wa sheria walikuwa na hoja: mbegu bandia ni donda. Mkulima ananunua pakiti, anapanda mahindi ya kula yaliyopakwa rangi, msimu unapotea. Lakini tapeli wa pakiti na nyanya anayempa jirani yake mbegu za kunde si watu wa kundi moja. Sheria nzuri huwatofautisha.

44/ Na ubinafsishaji? Novemba 2023 Kenya Seed iliwekwa kwenye orodha ya mashirika 11 yaliyopendekezwa kuuzwa. Mambo yakaishia kortini. Hoja ya kuuza: mashirika ya umma huchelewesha malipo ya wakulima wa mkataba na huingiliwa na wanasiasa. Hoja ya kutouza: anayeshika mbegu ya mahindi ameshika sufuria ya ugali ya nchi nzima.

45/ Zote mbili zina uzito. Lakini kumbuka yale ya juu. Mnunuzi yeyote atapenda mahindi chotara. Muulize anayeuza: mkataba unasema nini kuhusu mbegu zisizo na faida kubwa, za maeneo kame, za mtama na pojo? Kama mkataba hausemi kitu, basi jibu umepata.

46/ Na usisahau kaunti. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama. Serikali kuu ina sera. Ugonjwa haujui mpaka wa kaunti. Kaunti moja ikichanja na jirani yake isichanje, mifugo hukutana sokoni Jumamosi na kazi yote inaharibika. Gavana akikuambia "hiyo ni ya Nairobi", na Nairobi ikikuambia "hiyo imegatuliwa", mfungulie wote wawili Jedwali hilo.

47/ Basi tufupishe kwa njia ya kutumika. Ukisikia "tugeuze utafiti biashara", uliza hivi:
• Ni bidhaa gani hasa?
• Faida yake ni ya anayenunua peke yake, au ni ya mtaa mzima?
• Mteja atarudi kila msimu, au atanunua mara moja?
• Mwenye ng'ombe wawili atafikiwa vipi?

48/ Halafu endelea:
• Nani alilipia utafiti, na kwa masharti gani?
• Leseni ni ya kampuni moja au kadhaa?
• Mrabaha unarudi wapi?
• Bidhaa ikiwa ya lazima lakini haina faida, bajeti yake iko ukurasa gani?

49/ Na ukisikia "mnauza mali ya umma", nao pia usiwaache hivihivi. Waulize chanjo ikikaa miaka 30 bila kumfikia mfugaji, hiyo ni mali ya umma ya namna gani? Waulize wangetafuta wapi pesa za mitungi, magari na madaktari. Kupinga bila bajeti ni rahisi kama kuahidi bila bajeti.

50/ Uzi unaishia hapa. Kama kaunti yenu imechanja mwaka huu, au kama mmejaribu Aflasafe kwenu, tuambieni hapo chini ilikuwaje: bei, foleni, matokeo. Wanaofuga na wanaolima waongee kwanza. Matusi ya vyama pelekeni kwingine.